Davey O'Brien

Robert David O'Brien, anayejulikana zaidi kama Davey O'Brien (Dallas, Texas, 22 Juni 1917 – Fort Worth, Texas, 18 Novemba 1977), alikuwa mchezaji wa futiboli ya Marekani, na baadaye mpelelezi wa FBI na mfanyabiashara. Alicheza nafasi ya kwotabeki katika timu ya chuo kikuu cha Texas Christian University (TCU) kuanzia mwaka 1936 hadi 1938, kisha misimu miwili katika timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles.

Mwaka 1938 aliiongoza TCU kushinda mechi zake zote na kushika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Heisman, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Tangu mwaka 1981 tuzo ya kitaifa ya kwotabeki bora wa vyuo vikuu imeitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, katika ligi ya kulipwa timu yake ilishinda mechi 2 tu kwa misimu miwili, naye akaacha mchezo akiwa na umri wa miaka 23. Kwa sababu hiyo maisha yake hutumika mara nyingi kama mfano wa swali gumu: mchezaji wa chuo apimwe kwa kitu gani? Kwa ushindi wa timu yake, kwa takwimu zake mwenyewe, kwa tuzo, au kwa yale aliyoyafanya baada ya kumaliza chuo?

Kazi ya kwotabeki wakati wake

Futiboli ya Marekani ni tofauti na soka. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10 (kama mita 9). Ikifaulu hupewa nafasi nyingine 4, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huitwa tachidauni na kulikuwa na thamani ya pointi 6, kama ilivyo leo. Baada ya hapo timu inaweza kuongeza pointi 1 kwa kupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya milingoti bila tachidauni kutangulia, timu hupata pointi 3.

Kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi. Huwaambia wenzake watacheza vipi, huupokea mpira, kisha huamua kuurusha, kukimbia nao au kumkabidhi mwenzake.

Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ilikuwa pana kuliko ilivyo leo. Sheria ziliminya sana ubadilishaji wa wachezaji: aliyetoka nje hakuweza kurudi katika robo ileile ya mchezo. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeshambulia alibaki uwanjani kulinda. Kocha hakuruhusiwa kutoa maelekezo ya kila shambulio akiwa kando ya uwanja, hivyo uamuzi ulikuwa wa kwotabeki mwenyewe. Tena katika mechi za vyuo mrushaji alitakiwa awe angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia, sharti lililodumu mpaka mwaka 1945. Kwa upande mwingine, mwaka 1934 mpira wenyewe ulikuwa umepunguzwa unene, na jambo hilo liliurahisisha mchezo wa pasi. O'Brien alianza kucheza chuoni muda mfupi baada ya badiliko hilo.

Maisha ya awali

O'Brien alizaliwa na kukulia Dallas, katika jimbo la Texas. Alisoma katika shule ya sekondari ya Woodrow Wilson mjini humo, na huko ndiko alikoanza kujulikana kama mchezaji hodari. Miaka mingi baadaye mwanafunzi mwingine wa shule hiyo, Tim Brown, alipata Tuzo ya Heisman mwaka 1987. Hivyo Woodrow Wilson ikawa shule ya kwanza ya umma kutoa washindi wawili wa tuzo hiyo.

Umbo lake halikuwa la mchezaji wa futiboli. Alipokuwa chuoni alikuwa na kimo cha karibu sentimita 170 na uzito wa karibu kilo 68. Wapinzani waliomkimbilia ili kumwangusha walikuwa wakubwa zaidi yake kwa mbali. Magazeti ya wakati ule yalipenda kuutaja ufupi wake, na yakampa majina ya utani yaliyomlinganisha na manati: kitu kidogo kinachorusha mbali.

Mwaka 1935 alijiunga na TCU mjini Fort Worth, kiasi cha kilomita 50 kutoka Dallas. Kilikuwa chuo kidogo chenye uhusiano na kanisa la Wanafunzi wa Kristo. Alisomea jiolojia. Kwa kanuni za siku zile, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu ya chuo, hivyo alisubiri mpaka mwaka 1936.

Nyuma ya Sammy Baugh

Kocha wa TCU alikuwa Leo Meyer, aliyejulikana kwa jina la utani la Dutch. Meyer alikuwa amesoma katika chuo hichohicho, na aliiongoza timu kuanzia mwaka 1934 hadi 1952. Makocha wengi wa wakati wake waliiona pasi kama bahati nasibu, lakini yeye aliifanya kuwa msingi wa mashambulizi. Aliwatawanya wachezaji wake kwa upana wa uwanja na kutumia pasi fupi fupi, ambazo ni rahisi kukamata na ngumu kunaswa na wapinzani.

Mrushaji wake mkuu mwaka 1936 alikuwa Sammy Baugh, mmoja wa wachezaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya mchezo huo. O'Brien alikuwa mchezaji wa akiba nyuma yake. Tarehe 1 Januari 1937 TCU iliishinda Marquette kwa pointi 16–6 katika mechi ya kwanza kabisa ya Cotton Bowl mjini Dallas. Baada ya hapo Baugh aliondoka kwenda ligi ya kulipwa, na nafasi yake ikaachwa kwa kijana huyo mfupi.

Msimu wa 1937 haukuwa mzuri kwa timu. TCU ilishinda mechi 4, ikapoteza 4 na kutoka sare 2. O'Brien mwenyewe alicheza vizuri kiasi cha kuchaguliwa katika kikosi bora cha Southwest Conference, yaani umoja wa vyuo vya Texas na Arkansas vilivyoshindana kila mwaka. Lakini katika hesabu ya ushindi na kushindwa, alionekana kuwa hajaweza kuvaa viatu vya Baugh.

Msimu wa 1938

Mwaka 1938 mambo yalibadilika kabisa. TCU ilicheza mechi 10 za msimu wa kawaida na kushinda zote:

- Centenary 13–0
- Arkansas 21–14
- Temple 28–6
- Texas A&M 34–6
- Marquette 21–0
- Baylor 39–7
- Tulsa 21–0
- Texas 28–6
- Rice 29–7
- Southern Methodist (SMU) 20–7

Katika mechi hizo TCU ilipata pointi 254 na kufungwa 53. Ni Arkansas peke yake iliyoweza kupata zaidi ya pointi 7 dhidi yao.

O'Brien alirusha pasi zilizoleta jumla ya yadi 1,457 na tachidauni 19. Yadi hizo zilikuwa rekodi ya Southwest Conference kwa miaka 10. Kati ya pasi 194 alizorusha, ni 4 tu zilizonaswa na wapinzani. Zaidi ya kurusha alikimbia na mpira, alirudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, alipiga mateke ya pointi na kulinda eneo la nyuma. Kwa maneno mengine, mashambulizi karibu yote ya TCU yalipitia mikononi mwake.

Katika kura ya mwisho ya waandishi wa michezo iliyoendeshwa na shirika la habari la Associated Press, TCU iliwekwa ya kwanza nchini. Tennessee, ambayo nayo haikuwa imeshindwa, iliwekwa ya pili, na Duke ya tatu. Wakati ule kura hiyo ilipigwa kabla ya mechi za mwanzo wa mwaka mpya. Kwa kuwa TCU na Tennessee zote zilimaliza zikiwa na ushindi 11 bila kupoteza na hazikukutana, wapenzi wa Tennessee mpaka leo huuhesabu ubingwa wa 1938 kuwa wao pia.

Tarehe 2 Januari 1939 TCU ilikutana na Carnegie Tech katika Sugar Bowl mjini New Orleans. TCU ilitangulia kwa tachidauni, lakini O'Brien alikosa teke la pointi 1. Carnegie Tech ikapata tachidauni na kufaulu teke lake, hivyo hadi mapumziko TCU ilikuwa nyuma kwa pointi 7–6. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kuwa nyuma msimu huo, na pengo lenyewe lilikuwa pointi 1 ileile iliyopotea. Katika kipindi cha pili O'Brien alirusha pasi ndefu kwa Durwood Horner iliyoleta tachidauni, na baadaye akapiga teke la pointi 3. Mechi iliisha 15–7.

Tuzo ya Heisman

Tuzo ya Heisman ilianzishwa mwaka 1935 mjini New York. Washindi watatu wa kwanza walikuwa Jay Berwanger wa Chicago, na Larry Kelley na Clint Frank, wote wawili wa Yale. O'Brien alikuwa wa nne, na wa kwanza kutoka chuo kilichoko magharibi ya mto Mississippi. Kwa watu wa Texas hilo halikuwa jambo dogo, kwani magazeti makubwa na wapiga kura wengi walikuwa upande wa mashariki. Baugh mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alikuwa ameishia nafasi ya nne mwaka 1936.

Katika kura ya 1938 wa pili alikuwa Marshall Goldberg wa Pittsburgh na wa tatu Sid Luckman wa Columbia. O'Brien alipata pia tuzo ya Maxwell na ile ya Walter Camp, akawa mchezaji wa kwanza kuzitwaa zote tatu katika mwaka mmoja.

Philadelphia Eagles

Katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NFL kwa mwaka 1939, wachezaji watatu wa TCU walichukuliwa katika mzunguko wa kwanza. Ki Aldrich, aliyecheza katikati ya mstari wa mbele, alikuwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa. O'Brien alikuwa wa nne, akichukuliwa na Philadelphia Eagles, timu ya Bert Bell. I. B. Hale, naye mchezaji wa mstari wa mbele, alikuwa wa nane.

Eagles ilikuwa timu dhaifu. Msimu wa 1939 ilishinda mechi 1, ikapoteza 9 na kutoka sare 1. Hata hivyo O'Brien aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,324 za pasi, idadi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa rasmi katika ligi hiyo hadi wakati huo. Katika msimu huo, tarehe 22 Oktoba 1939, alicheza dhidi ya Brooklyn Dodgers katika uwanja wa Ebbets Field, mechi ya kwanza ya NFL kurushwa na televisheni. Brooklyn ilishinda 23–14.

Mwaka 1940 hali ilizidi kuwa mbaya: ushindi 1 na kushindwa mara 10. Eagles ilipata kwa kukimbia na mpira yadi 298 tu msimu mzima, ambayo ni idadi ndogo kuliko zote katika historia ya NFL. Maana yake wapinzani walijua wazi kwamba pasi inakuja, na wangeweza kumwendea mrushaji bila wasiwasi. O'Brien alirusha pasi 277 na 124 zikakamatwa, akapata yadi 1,290. Baugh, aliyekuwa Washington, alipata yadi 1,367 kwa pasi chache zaidi na kuivunja rekodi ya mwaka uliotangulia.

Tarehe 1 Desemba 1940 Eagles ilicheza mjini Washington dhidi ya timu ya Baugh. Ilikuwa mechi ya mwisho ya O'Brien. Alirusha pasi 60, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika ligi hiyo hadi wakati huo, na 33 kati yake zikakamatwa kwa jumla ya yadi 316. Hakuna hata moja iliyonaswa na wapinzani. Don Looney, aliyekuwa mwenzake tangu TCU, alikamata 14 kati ya pasi hizo. Pamoja na yote hayo Eagles ilishindwa 13–6.

Juma moja baadaye Washington ilicheza fainali dhidi ya Chicago Bears na kushindwa 73–0. Kwotabeki wa Chicago siku hiyo alikuwa Sid Luckman, yule aliyekuwa wa tatu katika kura ya Heisman ya 1938.

FBI na maisha ya baadaye

Katika miaka ile mchezaji wa kulipwa hakuwa na uhakika wa maisha kama alivyo leo. Futiboli ya vyuo ilipendwa kuliko ya kulipwa, mishahara haikuwa mikubwa, na kuumia mara moja kungeweza kumaliza kila kitu. O'Brien aliondoka na kujiunga na FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani iliyokuwa chini ya J. Edgar Hoover. I. B. Hale naye alifuata njia hiyohiyo.

O'Brien alifanya kazi FBI kwa miaka 10. Alianzia Springfield, Missouri, baadaye akawa mwalimu wa matumizi ya silaha katika kituo cha mafunzo cha Quantico, Virginia, kisha akahamia Dallas. Aliacha kazi hiyo mwaka 1950 na kuingia katika biashara ya ardhi na mafuta huko Texas.

Hakuacha michezo kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisimamia waamuzi wa American Football League, ligi mpya iliyoshindana na NFL. Mjini Fort Worth alijitolea katika chama cha vijana cha YMCA, katika mashindano ya ndondi ya vijana ya Golden Gloves, katika kanisa lake na katika umoja wa wahitimu wa TCU. Mwaka 1955 aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo.

Mwaka 1971 aligundulika kuwa na saratani. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa figo moja na sehemu ya pafu. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafariki Fort Worth tarehe 18 Novemba 1977 akiwa na umri wa miaka 60.

Tathmini ya uchezaji wake

Wanaomsifu O'Brien huanza na msimu wa 1938, na sababu zao ni nzito. Timu haikushindwa, takwimu zake zilikuwa za juu kuliko za wengi wa wakati wake, na kila shambulio lilikuwa uamuzi wake. Kosa lake katika Sugar Bowl na namna alivyolifuta katika kipindi cha pili ni ushahidi wa utulivu, sifa ambayo haionekani katika jedwali la takwimu.

Wanaotaka apimwe kwa uangalifu zaidi huleta hoja nne.

Hoja ya kwanza ni ya wenzake. Timu iliyomzunguka mwaka 1938 ilikuwa na Aldrich na Hale katika mstari wa mbele, nao ndio waliompa muda wa kurusha. Kwamba Aldrich alichaguliwa kabla yake na timu za kulipwa huonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyouthamini mstari huo. Hata hivyo hoja hii haijitoshelezi, kwa kuwa mstari mzuri bila mrushaji mwenye shabaha hauleti tachidauni 19.

Hoja ya pili ni ya mfumo. Meyer alikuwa amejenga mchezo wa pasi kabla O'Brien hajapata nafasi, na Baugh alifanikiwa katika mfumo huohuo. Je, sifa ni ya mwalimu au ya mwanafunzi? Msimu wa 1937 unasaidia kulijibu swali hili: mfumo ulikuwa uleule na kocha yuleyule, lakini timu haikufika mbali. Mfumo peke yake basi haukutosha. Ilibidi wachezaji wakomae ndani yake, na O'Brien akiwa mmoja wao.

Hoja ya tatu ni takwimu za ligi ya kulipwa. Katika misimu miwili alirusha pasi 478, zikakamatwa 223, akapata yadi 2,614 na tachidauni 11, huku pasi 34 zikinaswa na wapinzani. Chuoni mwaka 1938 pasi iliyonaswa ilikuwa takriban 2 katika kila 100. Philadelphia zilikuwa takriban 7 katika kila 100. Wastani wa kila pasi ulishuka kutoka yadi 7.5 hadi yadi 5.5. Tofauti hiyo ni kubwa. Sehemu yake inatokana na ubora wa wapinzani na pengine na kimo chake, lakini sehemu nyingine inatokana na timu iliyoshindwa kabisa kukimbia na mpira. Mchezaji yuleyule aliyewekwa katika mazingira mawili alitoa matokeo mawili.

Ulinganisho na Baugh na Luckman unaonyesha jambo hilohilo. O'Brien aliwashinda wote wawili kwa tuzo za chuoni. Lakini Baugh alicheza misimu 16 na kutwaa ubingwa wa NFL mara 2, na Luckman alitwaa ubingwa mara 4 akiwa Chicago. Wote wawili wamo katika Jumba la Heshima la futiboli ya kulipwa, na O'Brien hayumo. Anayemhukumu kwotabeki wa chuo kwa yale aliyoyafanya baadaye atamweka O'Brien chini yao. Anayemhukumu kwa msimu mmoja wa chuo anaweza kumweka juu yao. Vipimo vyote viwili ni halali, mradi msomaji ajue ni kipi kinachotumika.

Hoja ya nne mara nyingi haitajwi katika hesabu. O'Brien alicheza katika michezo iliyowatenga watu weusi. Vyuo vya Southwest Conference havikuwa na wachezaji weusi mpaka miaka ya kati ya 1960, na NFL haikuwa na hata mmoja kuanzia mwaka 1934 hadi 1945. Rekodi za kipindi hicho ni za kweli, lakini ziliwekwa katika ushindani ambao sehemu ya vijana wenye vipaji wa Texas walifungiwa mlango. Hilo haliondoi bidii ya mchezaji mmoja mmoja. Linapunguza uzito wa neno bora kuliko wote linapotumika kwa mtu yeyote wa wakati huo.

Tena si sahihi kumlinganisha moja kwa moja na wachezaji wa leo. Mwaka 2019 Joe Burrow wa chuo cha Louisiana State alipata yadi 5,671 na tachidauni 60 za pasi katika mechi 15. Kwa kutazama namba tupu, O'Brien anaonekana mdogo sana. Lakini Burrow hakulazimika kulinda, kupiga mateke wala kupanga mashambulizi yote peke yake, na sheria za wakati wake zinampendelea mrushaji. Njia ya haki zaidi ni kumpima kila mchezaji kwa wenzake wa kizazi chake, na kwa kipimo hicho msimu wa 1938 unabaki miongoni mwa misimu mikubwa ya mchezo huo.

Urithi

Baada ya kifo chake, watu wa Fort Worth walianzisha tuzo ya kumbukumbu kwa mchezaji bora wa eneo la kusini-magharibi. Wa kwanza kuipata, mwaka 1977, alikuwa Earl Campbell wa chuo kikuu cha Texas, mchezaji mweusi ambaye miaka 40 kabla yake asingeruhusiwa kuichezea timu hiyo.

Mwaka 1981 tuzo ilibadilishwa ikawa ya kwotabeki bora wa nchi nzima, na wa kwanza kuipata alikuwa Jim McMahon wa Brigham Young. Kati ya waliofuata wamo Steve Young (1983), Don McPherson (1987), Troy Aikman (1988), Andre Ware (1989), Charlie Ward (1993), Peyton Manning (1997), Vince Young (2005) na Burrow (2019). Baadhi yao waling'ara katika ligi ya kulipwa, na wengine, kama O'Brien mwenyewe, hawakufika mbali huko.

Mwaka 2022 tuzo hiyo ilikwenda kwa Max Duggan, mchezaji wa kwanza wa TCU kuipata.